Elimu ya Kale Nyumbani: Mwongozo Kamili kwa Familia Inayosoma Kiswahili

Mzazi anayeanza kuulizia habari za kusomesha watoto nyumbani kwa mtindo wa kale hukutana kwanza na wauzaji. Anaonyeshwa mitaala yenye majalada ya kupendeza, seti za vitabu vya mwaka mzima, kadi za Kilatini, ramani za ukutani, na orodha ya vitu vya lazima inayomaliza mshahara. Ushauri wangu wa kwanza ni huu: muhula wote wa mwanzo usinunue kitu. Elimu hii inasimama juu ya mambo matatu yasiyouzwa dukani: kusoma kwa sauti, kuhifadhi kwa ghibu, na kusimulia ulichosikia. Aliyepita chuoni kwa mwalimu wa Kurani, aliyekariri katekisimu, au aliyekaa jioni na bibi akitegewa vitendawili, ameshayaonja yote matatu. Kazi iliyobaki ni kuyapanga yawe masomo.

Naandika nikiwa Texas, kwa hiyo mengi hapa yanamlenga mzazi wa ughaibuni anayetaka watoto wapate elimu nzito na Kiswahili kisiwapotee. Aliye Dar es Salaam, Mombasa au Lubumbashi naye ana fungu lake huko mbele.

Kwanza, jua asili ya kitu chenyewe

Shule za Ulaya za zama za kati zilianza na fani tatu: sarufi, mantiki na balagha, yaani ufundi wa kusema na kushawishi. Baada ya hizo zilifuata nne: hesabu, jiometri, muziki na falaki. Mwaka 1947 mwandishi Mwingereza Dorothy Sayers alitoa mhadhara Oxford akasema fani zile tatu zinalingana na ukuaji wa mtoto. Mdogo hupenda kukariri, huyo ni wa sarufi. Akifika umri wa kubishia kila kitu, mpe mantiki. Akianza kutaka kusema la moyoni kwa namna yake, mpe balagha. Wazo hilo lilivuka bahari, na mwaka 1999 mama na binti yake, Jessie Wise na Susan Wise Bauer, wakatoa Marekani kitabu kilichoigeuza nadharia hiyo kuwa ratiba ya mwaka kwa mwaka kwa familia ya kawaida. Kwa upande mwingine yuko Charlotte Mason, mwalimu wa Uingereza aliyefariki 1923, ambaye kwake tumepata somo fupi, kusimulia, na kuchagua vitabu vyenye uhai badala ya muhtasari mkavu.

Mgawanyo wa umri ni wa Sayers mwenyewe. Watu wa zama za kati hawakupanga hivyo. Uchukue kama dira tu. Mtoto wa miaka saba anaweza kukubwaga katika ubishi, na wa kumi na tano bado anahitaji kukariri.

Pili, sheria ya unapoishi

Usimtoe mtoto shuleni kabla ya kusoma sheria, maana hapa nchi zinatofautiana kama mbingu na ardhi. Marekani kusomesha nyumbani ni halali katika majimbo yote 50, ila kila jimbo lina masharti yake. Texas inaihesabu shule ya nyumbani kama shule binafsi, na inataka masomo matano: kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema. Mtihani wa serikali haupo. Lakini kama mtoto ameshaandikishwa shule ya umma, peleka barua ya kumwondoa na ubaki na nakala, vinginevyo atahesabiwa mtoro. New York ni habari nyingine kabisa: taarifa, mpango wa masomo wa kila mtoto, na ripoti nne kwa mwaka. Anayehama jimbo aanze upya kusoma masharti.

Uingereza na Wales, Sheria ya Elimu ya 1996 inamruhusu mzazi kumsomesha mtoto shuleni au kwa njia nyingine. Ujerumani mtoto lazima aende shule, na wazazi waliokaidi wamepelekwa mahakamani. Sweden nayo tangu 2011 inaruhusu kwa sababu maalumu tu. Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shule na ahakikishe anahudhuria, na Tanzania elimu ya msingi ni ya lazima. Kwa hiyo walioko nyumbani wengi watafanya kazi hii alasiri, wikendi na likizo.

Tatu, weka saa ya kusoma kwa sauti

Hii ndiyo nguzo. Ukishindwa mengine yote, shika hili.

Chagua wakati mmoja wa siku ambao haugombaniwi. Kwa familia nyingi ni baada ya chakula cha jioni, lakini kama baba anafanya kazi zamu ya usiku, usilazimishe jioni. Asubuhi wakati wa chai inafaa vilevile. Dakika 20 kila siku ni bora kuliko saa mbili za Jumapili. Chagua kitabu kilichomzidi mtoto kidogo, ambacho asingekiweza peke yake, kwa sababu sikio la mtoto liko mbele ya jicho lake kwa miaka kadhaa.

Soma polepole kuliko unavyodhani inatakiwa. Badilisha sauti kwa wahusika, lakini usigeuke mchekeshaji. Ukikuta neno gumu, lipite. Mtoto atalidaka kwenye muktadha, na asipolidaka atauliza. Mzazi anayesimama kila sentensi kueleza anaua hadithi. Simama pale patamu, funga kitabu, walalamike. Kesho watakuita wenyewe.

Mikono yao iwe na kazi. Mtoto wa miaka minne hawezi kukaa kimya akitazama ukuta, ila anaweza kusikiliza huku akichora, akipanga vipande, au akichambua mchele. Siku ya kusuka nywele ndiyo hazina: binti amekaa chini saa mbili, hawezi kwenda popote, na aliye huru anashika kitabu. Kwetu sura ndefu ndefu husomwa siku hiyo.

Nini kisomwe? Kwa wadogo, hekaya za Abunuwasi na ngano za wanyama. Mradi wa African Storybook unatoa hadithi za watoto bure kwenye intaneti, nyingi zikiwa kwa Kiswahili, na unaruhusiwa kuzichapa. Zipitie kwanza mwenyewe. Nyingine zimetafsiriwa vizuri, nyingine zinasomeka kama maelekezo ya dawa. Kuanzia miaka tisa hivi, Alfu Lela Ulela na Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, yenye ndugu wawili waliogeuzwa manyani. Mtoto akisikia hilo tu atakaa.

Vitabu vya Kiswahili ughaibuni vinapatikana kwa njia mbili zinazoaminika. Ya kwanza ni sanduku la mgeni: anayekuja kutoka nyumbani mpe orodha ya majina matatu, si kumi, umpe na hela mapema. Ya pili ni maktaba ya mtaa. Maktaba nyingi za Marekani zina huduma ya kuazimana vitabu baina yao, na vyuo vikuu vinavyofundisha Kiswahili vina rafu nzima. Uliza kaunta, taja jina la kitabu na mwandishi, subiri wiki mbili tatu.

Bibi aliyeko Tanga au Lamu usimwache nje. Mwombe hadithi kwa sauti ya WhatsApp. Saa mbili asubuhi ya Houston wakati wa kiangazi ni saa kumi jioni Afrika Mashariki, saa ambayo wazee wengi wamekaa barazani. Hifadhi kila sauti kwenye simu nyingine au kompyuta. Utazihitaji katika imla, na siku moja zitakuwa mali.

Nne, fundisha kusoma kwa Kiswahili kabla ya Kiingereza

Hapa nasimama peke yangu mbele ya ndugu wengi wanaohofia kwamba mtoto "atachanganyikiwa". Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akizijua irabu tano na konsonanti, anasoma. Kiingereza kina tahajia iliyojaa vighairi, na mtoto anayeanzia huko anakutana na ukuta siku ya kwanza. Anayeanzia Kiswahili anapata ladha ya kusoma neno zima mapema, halafu anahamisha ujuzi.

Anza na a, e, i, o, u kwa wiki moja. Kisha ma me mi mo mu, na papo hapo maneno: mama, mimi, umeme. Ongeza mstari mmoja wa silabi kila anapoumudu uliopita: ba, ka, la, ta, sa, pa. Silabi za muungano kama mba, nda, nga, nya, sha na cha zije baadaye, na mwisho kabisa ng'a, dha, tha na gha. Andika silabi kwenye vikadi vya karatasi ngumu, mtoto azisogeze mezani ajenge maneno. Somo lisizidi dakika kumi na tano. Mtoto wa miaka sita aliye tayari atasoma sentensi fupi ndani ya miezi michache. Asiyekuwa tayari, weka vikadi kabatini, endelea kumsomea, rudi baada ya Krismasi au baada ya Ramadhani.

Akianza kusoma Kiswahili bila kukwama, ndipo ulete Kiingereza cha maandishi. Cha mdomo asikupe wasiwasi, mtaa utamfundisha.

Tano, hifadhi kwa ghibu

Watu wa kizazi chetu wameaminishwa kwamba kukariri ni adui wa kufikiri. Wanachokumbuka ni kukariri bila kuelewa kwa ajili ya mtihani, na hapo wana haki. Lakini aliyehifadhi shairi zima anatembea na msamiati, mpangilio wa sentensi na mahadhi ambayo hakuna zoezi la sarufi linaweza kumpa.

Miaka mitano hadi saba: vitendawili, methali na nyimbo. Tega asubuhi, asiyejua atoe mji. Kuanzia miaka saba: beti za utenzi, ubeti mmoja kwa wiki. Familia ya Kiislamu tayari ina sura fupi za juzuu ya mwisho. Ya Kikristo ina Zaburi, na tafsiri ya Union Version ya 1952 ina Kiswahili kizito kinachofaa kabisa kwa kazi hii.

Utenzi ndio mlango wa ushairi kwa sababu kanuni yake mtoto anaihesabu kwa vidole: mistari minne, kila mmoja silabi nane, mitatu ya mwanzo ina kina kimoja, na wa nne una kina kinachorudi ubeti hadi ubeti. Tunga mwenyewe ubeti wa kuonyeshea:

Mwanangu keti karibu,
tukishike na kitabu,
tusome bila taabu,
hadi tufike mwishoni.

Mpigishe makofi kila silabi: mwa-na-ngu-ke-ti-ka-ri-bu. Nane. Kisha mwulize kwa nini "mtu" ina silabi mbili na "mwana" nayo mbili. Atagundua mwenyewe kwamba m ya mtu inasimama peke yake na ya mwana imebebwa. Hilo ni somo la sarufi ya sauti, na amelipata akicheza.

Namna ya kutunza kilichohifadhiwa: chukua kisanduku na kadi. Kadi mpya husomwa kila siku mpaka ikae. Ikikaa, inahamia kwenye fungu la siku za witiri au za shufwa. Ikiimarika zaidi, inahamia siku moja ya wiki, na hatimaye tarehe moja ya mwezi. Kwa mtindo huo familia inarudia mamia ya beti kwa dakika kumi tu kwa siku, na hakuna kinachosahauliwa.

Tenzi kubwa ziko: Utendi wa Tambuka wa Mwengo bin Athumani, ulioandikwa kisiwani Pate mwaka 1728; Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, juu ya majumba ya Pate yaliyogeuka magofu; Utendi wa Mwana Kupona wa 1858, mawaidha ya mama mgonjwa kwa binti yake. Huu wa mwisho usome mwenyewe kwanza. Una adabu nyingi nzuri, na una maelekezo juu ya mke na mume ambayo utataka kuyazungumza na binti yako, na mwanao wa kiume pia, badala ya kuyamezesha au kuyaficha.

Kiamu cha tenzi hizi, yaani lahaja ya Lamu, kitawapiga chenga. Ni sawa. Kila mtoto awe na kidaftari cha kuandika "mato" ni macho, "ndia" ni njia, na kadhalika. Kazi hiyo ya kupambana na maandishi ya kale mstari kwa mstari ndiyo ileile wanayoifanya wenzao na Kilatini.

Sita, kusimulia, kunakili, imla

Kusimulia kunafanyika hivi. Soma kipande kifupi mara moja tu. Funga kitabu. Sema, "Nisimulie." Nyamaza. Usimkatize, usimsahihishe jina, usimalizie sentensi yake. Akinyamaza, subiri, kimya cha mtoto anayetafuta neno ni kazi. Akimaliza, mwulize mdogo wake kama kuna lililosahauliwa. Ni hapo tu unapoweza kusahihisha kosa la maana.

Kwa nini mara moja? Akijua utarudia, atasikiliza nusu. Mtoto chini ya miaka sita asilazimishwe. Akisimulia mwenyewe kwa dada yake, shukuru. Kuanzia miaka tisa au kumi, simulizi moja kati ya tatu iwe ya kuandika.

Tatizo la ughaibuni ni kwamba umesoma Kiswahili na mtoto anasimulia Kiingereza. Mpokee kwa muhula wa kwanza, maana unachopima ni usikivu. Muhula wa pili, mpe maneno matano ya Kiswahili ubaoni ambayo lazima ayatumie. Muhula wa tatu, Kiswahili kitupu siku mbili za wiki.

Kunakili ni kuandika upya sentensi moja nzuri kwa hati safi, pamoja na nukta na mkato kama zilivyo. Imla inafuata: sentensi aliyoinakili jana, leo unamsomea naye anaandika bila kuangalia. Sauti za bibi ni imla bora kwa wakubwa. Wanasikiliza, wanasimamisha, wanaandika, na wanajifunza kwamba mtu anapozungumza haweki nukta. Wao ndio watakaoziweka.

Saba, historia kwa mzunguko

Mtindo uliozoeleka ni kuigawa historia ya dunia katika mafungu manne: zama za kale hadi mwaka 400, kisha 400 hadi 1600, kisha 1600 hadi 1850, kisha mpaka leo. Fungu moja kwa mwaka, halafu mnarudi mwanzo na vitabu vizito zaidi. Katika miaka kumi na miwili mtoto anapita mara tatu. Faida kubwa kwa familia yenye watoto wengi ni kwamba wote wako kwenye karne moja, kila mmoja kwa kimo chake.

Vitabu vya Marekani vya njia hii vimejaa Ugiriki, Roma na Uingereza, na pwani yetu huipati. Usivitupe. Bandika karatasi ndefu ukutani, sentimita 10 kwa kila karne. Miaka 5,000 inataka mita tano. Kila mnachosoma kiandikwe mahali pake, na yetu yawekwe hapohapo. Karne ya kwanza mnaposoma Roma, weka kitabu cha safari cha mfanyabiashara wa Kigiriki asiyejulikana jina, kinachoutaja mji wa soko wa Rhapta kwenye pwani ya Azania. Weka Mansa Musa akienda Hija mwaka 1324, Ibn Battuta akishuka Mombasa na Kilwa mwaka 1331, twiga wa Malindi akipelekwa China mwaka 1415, Vasco da Gama mwaka 1498, na Kilwa na Mombasa zikiporwa na Wareno mwaka 1505. Weka Wareno wakitolewa Fort Jesus mwaka 1698.

Kiungo ninachokipenda kuliko vyote ni Herekali. Mtoto anayesoma warithi wa Roma atamkuta mfalme Heraclius wa Konstantinopoli, aliyetawala 610 hadi 641. Huyohuyo ndiye Herekali wa Utendi wa Tambuka. Mshairi wa Pate, karne kumi na moja baadaye, anamsimulia kaizari wa Rumi kwa Kiswahili. Mtoto akiliona hilo ukutani kwa mkono wake mwenyewe, hutamweleza tena kwamba lugha yake ina mahali katika dunia.

Fungu la mwisho lina mambo mazito: soko la watumwa la Zanzibar lililofungwa 1873, Maji Maji ya 1905 hadi 1907, ukoloni, mapinduzi. Usiyaruke, na usiyamwage yote kwa mtoto wa miaka minane. Mzunguko utarudi.

Nane, wanapoanza kubisha

Mtoto wa miaka kumi na moja anayejibu kila agizo kwa "lakini" mpe kazi. Andika methali mbili zinazopingana: Haraka haraka haina baraka, na Ngoja ngoja huumiza matumbo. Atetee moja, kesho atetee nyingine. Mfundishe kuuliza: Hoja ni ipi? Ushahidi wake? Kinachodaiwa kinatokana kweli na ushahidi huo?

Kusadikika ya Shaaban Robert ni kama imeandikwa kwa umri huu. Karama anashitakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria, na kitabu kizima ni utetezi wake barazani. Gawa nyumba: mshitaki, mtetezi, hakimu. Mzazi awe karani wa mahakama na anyamaze.

Kujibizana kwa mashairi nako ni mantiki yenye vina, na Mombasa ya mshairi Muyaka ililijua hilo miaka mia mbili iliyopita. Kaka atunge ubeti wa dai, dada ajibu kwa vina vilevile. Mnaweza kucheka mpaka mlie, na bado ni somo.

Kwa balagha, Wagiriki na Warumi walikuwa na ngazi ya mazoezi kumi na manne ya kuandika. Inaanza na kusimulia hekaya upya, inapita kwenye kufafanua msemo wa hekima, kupinga, kuthibitisha, kusifu, kulinganisha, hadi kutetea au kupinga sheria. Aliyesoma Kenya ataitambua moja ya ngazi hizo mara moja: insha ya methali. Kwa hiyo fuata ngazi kwa vitu vyetu. Sungura na fisi kwanza, ufupishe, kisha urefushe, kisha usimulie kwa kuanzia mwisho. Methali baadaye: ieleze, toa sababu, toa kinyume chake, toa mfano. Mwaka mmoja kwa ngazi mbili tatu si pole sana.

Wakifika miaka kumi na minne, chukua Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare, katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere. Wahifadhi hotuba mbili za mazishini, ya Bruto na ya Antoni, wazisimamie sebuleni mbele ya wageni. Halafu waulize: umati umebadilika moyo mahali gani hasa, na kwa mbinu gani? Hutapata somo bora la siasa.

Lugha ya kale: chagua moja. Kiarabu kwa anayetaka kuifikia Kurani na mizizi ya maandiko ya pwani, Kilatini kwa anayetaka njia ya Ulaya. Ukichukua zote mbili pamoja utaacha zote mbili. Anzeni mtoto akiwa na miaka tisa au kumi, baada ya kuchambua ngeli za Kiswahili, kwa sababu aliyezoea upatanisho wa ngeli haogopi jinsia za nomino za lugha yoyote.

Hesabu sina la kusema zaidi ya hili: kitabu chochote kizuri, kila siku, bila kuruka.

Siku yenyewe

Saa mbili na nusu asubuhi, chai, kitendawili, na kisanduku cha ghibu. Saa tatu, hesabu, kila mmoja na kitabu chake. Saa tatu na dakika arobaini, silabi kwa mdogo, kunakili au imla kwa mkubwa. Saa nne na nusu, nje. Mpira, baiskeli, au kuanua nguo. Saa tano, historia au sayansi kwa sauti, kisha kusimulia. Saa sita, lugha ya kale kwa wakubwa. Baada ya chakula, usomaji wa kimya saa nzima, mzazi akiwemo na kitabu chake mkononi, simu chumba kingine. Masomo ya mezani yameisha. Mtoto wa darasa la kwanza hahitaji zaidi ya saa mbili za mezani, na anayekuambia vinginevyo anahesabu muda wa kupanga foleni shuleni.

Ijumaa acheni ratiba. Nendeni maktaba, makumbusho, au pikeni pamoja.

Kwa ambao watoto wako shule, chagua mambo matatu: saa ya kusoma kwa sauti, kisanduku cha ghibu wakati wa chai, na ukuta wa historia siku za likizo. Usiongeze. Mtoto aliyetoka shule saa kumi na akapitia tuisheni hana nafasi ya shule ya pili.

Karatasi, na mitihani ya mbele

Tunza daftari moja la kila mtoto kwa kila mwaka, na simulizi mbili za maandishi kwa kila mwezi zenye tarehe. Hata jimbo lisiloomba kitu leo, ukihama utaombwa.

Kuanzia darasa la tisa, Marekani, mzazi ndiye anayetoa hati ya masomo. Iwe na somo, kitabu kilichotumika, muda na alama. Texas ina sheria inayovitaka vyuo vya umma vimpime aliyesomea nyumbani kwa vigezo vilevile vya wengine, na alama za SAT, mtihani wa kuingia chuo, zinasaidia kuthibitisha hati yako. Upo pia mtihani wa CLT, ulioanza 2015 kwa ajili ya wanafunzi wa njia hii, lakini hakikisha kwanza kama chuo mnachokitaka kinaupokea. Tanzania, mtahiniwa wa kujitegemea ambaye hakupitia sekondari hupitia Mtihani wa Maarifa kabla ya ule wa kidato cha nne. Mitihani ya Cambridge nayo inapokea watahiniwa binafsi kupitia vituo vyake, na ada yake ipangiwe mapema kwa sababu inalipwa kwa kila somo.

Pamoja na hati, ambatisha orodha ya vitabu alivyosoma: jina, mwandishi, lugha, na kazi aliyoifanya juu yake, iwe simulizi, hotuba au insha. Vya Kiswahili viandike kwa majina yake ya Kiswahili na uongeze mstari mmoja wa maelezo, maana afisa udahili hatakuwa amewahi kuisikia Kusadikika, na huo ndio mstari atakaoulizia kwenye usaili.